Waliotawala kwa Jina la Mwingine

Mwaka 1911, Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walipokuwa wakipima mpaka wao katika milima ya Virunga, upande wa pili wa mlima Sabinyo palikuwa na mwanamke aliyekusanya watu wa kuwafukuza Wazungu wote. Aliitwa Muhumusa. Mkataba wa mpaka ulikuwa umetiwa saini Brussels mwezi Mei wa mwaka uliotangulia, na kilele cha Sabinyo kikawa mahali ambapo Kongo, Ruanda ya Wajerumani na Uganda zinakutana. Wakaaji wa miteremko ile hawakuulizwa, ingawa walikuwa na mashamba, ng'ombe na wakwe pande zote tatu.

Mimi nilizaliwa upande wa Rutshuru na nikafundisha historia hapa Goma hadi nilipostaafu. Miaka yote hiyo kitabu cha darasa kilinipa Leopold wa Pili, Stanley, Tippu Tip na Lumumba. Muhumusa hakuwamo. Nilimpata kwa nyanya yangu, ambaye hata yeye hakumtaja jina. Alisema tu "yule wa Nyabingi", na hapo alishusha sauti, ingawa alibatizwa na Mapadri Weupe na rozari haikumtoka shingoni. Nyanya hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Simba akiingia kijijini aliamka kuhesabu mbuzi. Lakini Nyabingi alikuwa kitu kingine.

Muhumusa alijulikana kama mmoja wa wake wa Kigeli wa Nne Rwabugiri, mwami wa Rwanda aliyefariki mwaka 1895 akiwa katika vita dhidi ya Bushi, huku kwetu magharibi ya Ziwa Kivu. Baada ya kifo hicho kiti hatimaye kikaenda kwa Musinga, mwana wa Rwabugiri kwa mke mwingine. Muhumusa akasema kiti si cha Musinga, ni cha mwanawe mwenyewe, Biregeya. Akajitenga kaskazini, Ndorwa, nchi ambayo wafalme wa Rwanda waliivamia mara nyingi bila kuituliza, kwa watu wa milimani ambao hawakuzoea kumwinamia mtu. Huko akasimama kama mjumbe wa Nyabingi.

Nyabingi ni roho ya kike. Wanaosema kwa niaba yake huitwa bagirwa, na wengi wao walikuwa wanawake. Mtu akishapandwa na Nyabingi alipokea ng'ombe, mbuzi, pombe ya mtama na utii, hata kama juzi alikuwa mjane asiye na shamba. Katika nchi ambamo mwanamke hakurithi ardhi, hiyo ilikuwa njia moja ya kupata nguvu bila kupitia kwa mume. Muhumusa alikuwa na njia mbili kwa pamoja: damu ya ikulu na sauti ya roho.

Wajerumani walimkamata mwaka 1908 wakampeleka Bukoba. Mwaka 1911 alikuwa amerudi milimani, sasa upande wa Waingereza, akiwaahidi watu kwamba risasi za Wazungu zitageuka maji. Msomaji wa Tanzania atakumbuka Kinjeketile na Maji Maji, vita vilivyoanza miaka sita tu kabla ya hapo, na labda atamkumbuka pia Mkomanile, mwanamke wa Ungoni ambaye Wajerumani walimnyonga Songea tarehe 27 Februari 1906 pamoja na wanaume zaidi ya 60. Ahadi ya maji ilisafiri sana miaka ile.

Mwisho wa Septemba 1911 askari wa Kapteni Reid, wakisaidiwa na Yowana Ssebalijja, wakala Mganda wa Waingereza, walimvamia kambini kwake. Watu wake wapatao 40 waliuawa. Yeye alipigwa risasi ya mguu, akakamatwa, akapelekwa Mbarara na baadaye Kampala. Hakurudi tena kwao. Alikaa chini ya ulinzi hadi alipokufa mwaka 1945: aliingia kifungoni kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na akatoka maiti vita vya pili vilipokuwa vinaisha. Kijana aliyeitwa Ndungutse, aliyedai naye kuwa wa damu ya ikulu, aliwasha tena moto kaskazini mwa Rwanda, na Wajerumani wakamzima Aprili 1912.

Mwaka huohuo wa 1912 Waingereza walitunga Uganda sheria dhidi ya uchawi, na bagirwa wengi wakafungwa kwa sheria hiyo. Hapo ndipo huwa nasimama kidogo. Ndungutse, mwanamume, aliandikwa katika barua za wakoloni kama mdai wa kiti, yaani mtu wa siasa. Muhumusa, aliyekuwa na dai lilelile, jeshi na mpango, aliandikwa mchawi. Sioni tofauti yao nyingine zaidi ya kikwembe.

Jina la Nyabingi lilivuka hata bahari. Katika miaka ya 1930 lilifika Jamaika, na mpaka leo Warastafari huita Nyabingi ibada yao ya ngoma na maombi. Vijana wa kartie yangu waliopaka kibanda chao cha kunyolea nywele rangi nyekundu, njano na kijani walishangaa nilipowaambia kwamba jina hilo halikuanzia Kingston, bali kwa bibi zao, mwendo wa saa chache kutoka pale walipokaa. Mmoja akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia aende Rutshuru akawaulize wazee, lakini asiulize kwa sauti kubwa.

Risasi na maji ndivyo watu hupenda kusimulia. Mimi nimekaa zaidi na swali la jina. Katika yote niliyokutana nayo juu ya Muhumusa, sijaona mahali alipodai kuwa yeye ndiye mwami wa Rwanda. Alidai kwa jina la mtoto na akaamuru kwa jina la roho. Na yule aliyempinga alifanya vivyo hivyo, kwa sababu adui wake wa kweli hakuwa Musinga, aliyekuwa mtoto alipokalishwa kitini. Alikuwa mama yake Musinga, Kanjogera.

Rwanda ya wakati ule haikutawaliwa na mtu mmoja. Mwami alitawala pamoja na mama yake, na mama asipokuwapo ilibidi atafutwe wa kushika nafasi yake. Rwabugiri alimchagua Rutarindwa kuwa mrithi, na kwa kuwa mama wa Rutarindwa alikwisha kufa, akamweka Kanjogera awe mama wa mwami. Kanjogera alikuwa na mtoto wake wa kumzaa. Sijui mwami mwerevu kama yule aliwezaje kulipita jambo hilo. Desemba 1896, huko Rucunshu, Kanjogera na ndugu zake Kabare na Ruhinankiko walimpindua Rutarindwa, ambaye alijichoma moto ndani ya nyumba yake pamoja na jamaa zake. Musinga akawa mwami Yuhi wa Tano, na mama yake akawa Nyirayuhi. Wajerumani walipofika ikulu mwaka 1897 walionyeshwa mwami wa bandia, na wakarudi wameridhika kwamba wamemwona mwenye nchi.

Hivyo Kanjogera alitawala, akiwagombanisha machifu, akiwapima Wajerumani, kisha Wabelgiji waliowafukuza Wajerumani mwaka 1916. Wabelgiji walipochoka na ikulu isiyokubali ubatizo walimwondoa Musinga, Novemba 1931. Aliyeondolewa kwenye karatasi ni mwana. Mama alifungasha akaondoka naye hadi Kamembe, ng'ambo tu ya Bukavu, na huko akafa mwaka 1933. Musinga alikuja kuhamishiwa Moba, huku Kongo, akafia huko 1944. Wanyarwanda wengi wanamkumbuka Kanjogera kwa ukatili, na ukatili ulikuwepo. Lakini Rwabugiri naye aliua, na hadi leo anaitwa shujaa.

Upande wetu wa ziwa mila ilijua jambo hilo kwa umbo tulivu zaidi. Bushi, mwami akifa na mrithi akiwa mdogo, mama yake, mwamikazi, ndiye anayeshika nchi mpaka mtoto akue. Kwa Wanyanga wa Walikale na kwa Wanande wa Beni na Lubero, kiti hakitoki kwa mke yeyote: kuna mke wa kimila, mumbo au mombo, anayepewa mwami wakati wa kutawazwa, na mrithi hutoka tumboni mwake. Bila mwanamke huyo hakuna utawala halali. Naye hatawali.

Wanyanga hao ndio wenye utenzi wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Baba, Shemwindo, anawaamuru wake zake wazae wasichana tu, maana anataka mahari. Mwindo anazaliwa mvulana, na baba anataka kumuua. Anayemwokoa ni shangazi yake, Iyangura. Mwindo anapoingia chini ya ardhi kumsaka baba, shangazi anabaki juu ameshika ncha ya kamba, ili ajue kama kijana yu hai. Na katika baraza la mwisho ni yeye anayemwambia kaka yake, mbele ya watu wote, kwamba alikosea. Nilipofundisha kisa hiki, wavulana walitaka kusikia juu ya mgwisho wa Mwindo. Wasichana waliniuliza kwa nini aliyekuwa na akili kuliko wote hakupewa yeye nchi. Nilikuwa na jibu la mila, na nilikuwa na jibu langu. Niliwapa yote mawili.

Wabelgiji walipokuja na daftari zao, hata mlango huo mwembamba ulifungwa. Walihitaji mtu mmoja kwa kila eneo, mwenye jina moja, wa kukusanya kodi na kutoa vibarua. Huyo akapewa medali ya kuning'iniza kifuani. Machifu wa medali walikuwa karibu wote wanaume. Kwa wanawake wa mijini zilifunguliwa nyumba za kijamii ambamo walifundishwa kushona, kupika na kupiga pasi. Mama yangu alipitia moja ya nyumba hizo, na ni kweli alishona vizuri.

Lakini katika miaka ya 1950 huko Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura, lilitokea jambo ambalo ningependa kila msomaji wa Kiswahili alijue. Serikali ya Wabelgiji ilitoza kodi wanawake walioishi mjini bila mume. Wajane wacha Mungu na wanawake walioachika wakajikuta katika kundi moja na malaya, kwa orodha na kwa risiti. Wanawake Waislamu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, walikataa kulipa. Hawakutanguliza mtoto wa mwami wala roho ya mlimani. Walisema wenyewe kwamba wametukanwa. Serikali kuu ya koloni, yenye mahakama na polisi, ikalazimika kujadili heshima ya wajane wa Buyenzi. Katika historia ya nchi hizi za maziwa, sijakutana na kundi la wanawake waliosimama mapema zaidi ya hapo kudai jambo lao kwa jina lao wenyewe.

Uhuru ulipokaribia, jina hilo halikuhesabiwa. Uchaguzi wa Mei 1960, uliompa Lumumba serikali, ulikuwa wa wanaume watupu. Mwanamke aliyekuwa karibu kuliko wote na serikali ile, Andrée Blouin, hakuwa hata Mkongomani wa upande wetu wa mto. Alizaliwa Ubangi-Shari na kulelewa katika nyumba ya yatima ya masista huko Brazzaville, akazunguka Kwilu kuwaandikisha wanawake katika harakati, kisha akawa mkuu wa itifaki wa Lumumba. Magazeti ya Ulaya yaliandika zaidi juu ya uzuri wake kuliko juu ya kazi yake.

Kisha ikawa hivi. Oktoba 1966 Rais Mobutu alimteua Sophie Kanza kuwa waziri wa mambo ya jamii. Alikuwa na umri wa miaka 26, mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu, Lovanium, mwaka 1964. Wanawake wa Kongo walipata haki ya kupiga kura mwaka 1967. Yaani Sophie Kanza aliketi katika baraza la mawaziri la nchi ambayo haikumruhusu kutia karatasi ndani ya sanduku la kura. Niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa sita swali hilo kila mwaka: eleza iliwezekanaje. Jibu fupi kuliko yote nililopata lilikuwa, "Waziri anateuliwa na mtu mmoja." Aliyeliandika nilimpa alama zote.

Miaka iliyofuata wanawake walionekana kila mahali, wakicheza. Hiyo ndiyo animasio, ngoma za kumsifu Mobutu na chama chake. Mobutu alikuwa na jumba lake hapa Goma, kando ya ziwa, na alipokuja tulipangwa barabarani tangu uwanja wa ndege, wasichana wa shule na wamama wa soko, tumevaa vikwembe vyenye uso wake. Sikuchukia kucheza. Nilikuwa na miaka kumi na kitu, na siku hiyo hakukuwa na hesabu. Ila uso mkubwa wa kiongozi ulikaa kwenye makalio ya kila mama, na hakuna polisi aliyeliona hilo kuwa tusi.

Mwaka 1987 ikatoka Kanuni ya Familia. Iliandika kwamba mume ni kichwa cha nyumba, na kwamba mke hawezi kufanya tendo la kisheria linalomfunga bila idhini ya mumewe. Mimi nilikuwa na diploma, mshahara na darasa la watoto hamsini, lakini nilipotaka kufungua akaunti, karani wa benki moja ya hapa mjini aliniomba karatasi ya mume. Mume wangu aliiandika akicheka. Mimi sikucheka. Kifungu hicho cha idhini kilidumu hadi marekebisho ya mwaka 2016. Katiba ya 2006, kwa kifungu chake cha 14, ilikuwa imeshaahidi usawa katika uongozi, na sheria ya 2015 ikaweka namna ya kuutekeleza. Kwa hiyo kwa miaka kumi mwanamke wa Kongo aliweza kugombea urais kwa katiba, na akahitaji ruhusa ya mume kwa kanuni.

Juu ya vita vyetu sitasema mengi, kwa sababu tunavijua. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda karibu milioni moja waliingia kupitia bariera zetu za mpakani ndani ya siku chache, na kipindupindu kikawaua maelfu kwa maelfu juu ya mawe meusi ambayo hata kaburi halichimbiki. Mwaka 1996 vita, mwaka 1998 vita tena, na waasi wa RCD wakaifanya Goma makao yao makuu. Katika hali hiyo Immaculée Birhaheka na wenzake wa shirika la PAIF, hapa hapa Goma, walikuwa wakifundisha wanawake haki zao na kuandika mabaya waliyotendewa, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Martin Ennals ya watetezi wa haki za binadamu. Justine Masika Bihamba akaunganisha vyama vya wanawake wanaowahudumia walionajisiwa, na mwaka 2009 serikali ya Uholanzi ikampa tuzo yake ya Tulip. Kaskazini, Ituri, Petronille Vaweka aliongoza mamlaka ya muda ya wilaya na kwenda mwenyewe kuzungumza na wakuu wa wanamgambo ambao wanaume wenye cheo walipenda kuzungumza nao kwa simu. Na Sun City, Afrika Kusini, wanaume wa pande zote walipokuwa wakivuta mazungumzo ya amani bila kikomo, wajumbe wanawake walishikana mikono wakaziba milango, wasitoke watu kabla ya kutia saini.

Sikuweka tuzo hizo hapa kwa kujivuna. Tuzo haijazi sufuria, na waliopewa wamepata nayo maadui pia. Naziweka kwa sababu zinaandikwa kwa jina la mtu. Na tazama majina yenyewe: Masika, Kabugho. Kwa Wanande majina hayo msichana huyapata kwa nafasi yake ya kuzaliwa, si kwa baba wala kwa mume. Anakuja nayo.

Kabugho ninayemsema ni Rebecca, wa LUCHA, vuguvugu la vijana lililoanzishwa hapa mwaka 2012. Februari 2016 Kongo ilikuwa imetoka kushinda kombe la CHAN huko Kigali, na mji mzima ulikuwa ungali na sauti ya kukauka. Rebecca na wenzake watano, wote wanaume, walikuwa wakitengeneza mabango kwa ajili ya siku ya "mji mfu", yaani mgomo wa kukaa nyumbani, ya tarehe 16, wakilinganisha ushindi wa kombe na ushindi wa demokrasia ambao nchi ilikuwa bado inaungoja. Walikamatwa kabla ya mapambazuko. Mahakama ikawahukumu miaka miwili, rufaa ikapunguza hadi miezi sita. Alikuwa na miaka 22 hivi. Wamama wenzangu walisema, "Wazazi wake walikuwa wapi?" Walipouliza hivyo, niliona kwamba hata sisi tulikuwa bado tunamtafuta mtu wa kusimama nyuma yake. Mwaka uliofuata alikuwa Washington akipokea tuzo ya wanawake jasiri.

Tangu hapo milango ya juu imefunguka upesi kuliko nilivyotarajia. Jeanine Mabunda aliongoza Bunge la Taifa tangu mwaka 2019 hadi wabunge walipomwondoa Desemba 2020. Judith Suminwa Tuluka aliteuliwa waziri mkuu tarehe 1 Aprili 2024, wa kwanza mwanamke. Na tarehe 27 Juni 2025, huko Washington, makubaliano ya amani kati ya Kongo na Rwanda yalitiwa saini kwa upande wetu na waziri wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner. Kama amani hiyo itafika hadi Masisi ni jambo lingine, na jinsia ya mtia saini haizuii risasi, sawa na maji ya Muhumusa.

Kuna mlango mmoja wa juu nimeubakiza, anga, na katika mji huu huwezi kuuacha. Uwanja wa ndege wa Goma uko katikati ya nyumba. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu kubwa ya njia ya kurukia, na kwa miaka mingi ndege zilitumia iliyobaki. Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kuruka ikaangukia mtaa wa Birere, kwenye maduka na watu wake. Hata hivyo tulipanda, kwa sababu barabara hakuna. Kwenda Walikale ndege zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami huko Kilambo, askari wakiwa wamesimamisha magari, zikarudi zimejaa kasiteriti. Wamama wafanyabiashara walisafiri humo juu ya magunia yao, bila kiti na bila mkanda. Rubani alikuwa mwanamume mgeni asiyesema neno.

Wanawake wa kwanza kuruka juu ya Afrika hii walikuwa mabibi wa Kizungu, na hata wao historia inawajua kwa majina ya waume. Mwaka 1928 Lady Heath alirusha ndege kutoka Afrika Kusini hadi London, na Lady Bailey akatoka London kwenda Cape Town. Lady Bailey alianguka Tabora, ndege ikavunjika. Mumewe, tajiri wa migodi, akamtafutia nyingine. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, Kenya, alitafuta riziki kwa kuwaonyesha wawindaji tembo kutoka angani, na Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, akaangukia Nova Scotia baada ya saa zaidi ya 20, mafuta yakiwa hayapiti. Ndege ilikuwa ya kuazima. Bessie Coleman, Mmarekani mweusi, hakuwa na wa kumwazima: shule za nchi yake zilimkataa, akajifunza Kifaransa, akaenda Ufaransa na kupata leseni yake Juni 1921.

Kwa wanawake wa nchi zetu ilichukua muda mrefu. Irene Koki Mutungi aliingia Kenya Airways miaka ya 1990 akiwa rubani pekee mwanamke, akawa kapteni mwaka 2004, na miaka kumi baadaye akapewa usukani wa Boeing 787, Mwafrika wa kwanza mwanamke katika kiti hicho. Wengine walitujia kutoka mbali: Desemba 2017 marubani wawili wa jeshi la Bangladesh, Nayma Haque na Tamanna-E-Lutfi, walikuja Kongo kuendesha helikopta za Umoja wa Mataifa, wanawake wa kwanza wa nchi yao kupewa kazi hiyo.

Yule wa karibu nasi kuliko wote ni Esther Mbabazi. Alikuwa msichana mdogo baba yake alipokufa katika ajali: ndege ya abiria ilipita mwisho wa njia ilipokuwa ikitua, huku huku Kongo. Alijifunza urubani Soroti, Uganda, akamalizia Marekani, na akiwa na miaka 24 hivi alikuwa tayari anarusha ndege za RwandAir, mwanamke wa kwanza wa Rwanda katika kazi hiyo. Waandishi walipomuuliza juu ya baba yake alijibu kwamba ajali ni ajali. Mtu akigongwa na gari, watu hawaachi kupanda magari.

Mwisho wa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23 na uwanja wetu ukafungwa. Wenye safari za mbali wakawa wanavuka bariera hadi Gisenyi, halafu basi mpaka Kigali. Mpwa wangu alipita njia hiyo. Ananisimulia kwamba ndege ilipokuwa inaanza kutembea sauti ya mwanamke ilitoka juu, ikawasalimu abiria na kutaja urefu wa safari. Aliyeketi karibu naye alikuwa mzee wa kwetu, mwenye kofia ya pamba, aliyebeba jibini ya Masisi kwenye mfuko.

"Na kapiteni mwenyewe iko wapi?" akauliza.

"Ndiye huyo anayesema, papa."

Mzee akanyamaza, akafunga mkanda, kisha akamwinamia tena.

"Amesema anaitwa nani?"